Wakili wangu wa uraia: nyota mbili, au nne, sijui

Naanza na yule kijana wa mapokezi, maana ndiye aliyenikaa kooni mpaka leo.

Nimechukua uraia wa Marekani kwa tajnisi. Nimeshaapa, kwa hiyo msinipe pole. Nataka tu mjue kwamba nilikuwa na wakili, nilimlipa, na bado nusura nionekane mwongo mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Ile ofisi niliichagua kwa sababu ya kijinga: nilipopiga simu, aliyepokea aliongea Kiswahili. Kijana wa kwetu kabisa. Aliponiambia "shikamoo dada" nikawa nimekwisha. Kiingereza ninakijua, lakini mambo ya sheria mtu unatamani uyaeleze kwa lugha ambayo hata ukikasirika haikupotei.

Fomu ya N-400, ile ya kuombea uraia, sina haja ya kuieleza, kila mtu anaweza kuisoma mwenyewe. Ila kuna mahali unaorodhesha safari zako zote za nje za miaka mitano, kila iliyozidi saa 24. Mimi nilikuwa na moja tu. Mama aliugua, nikaenda, nikamuuguza, nikamzika, nikakaa mpaka arobaini ikapita. Kijana akaniambia nimwandikie tarehe kwenye karatasi. Nikaandika: kuondoka 9/3, kurudi 4/10. Tarehe tisa mwezi wa tatu, tarehe nne mwezi wa kumi, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza.

Wamarekani wanaanza na mwezi. Yeye akasoma Septemba 3 na Aprili 10 ya mwaka uleule. Sasa mtu anarudije kabla hajaondoka? Badala ya kuinua simu aniulize, akazigeuza: kuondoka Aprili 10, kurudi Septemba 3. Zikakaa vizuri. Safari yangu ya karibu miezi saba ikawa haifiki hata mitano.

Na mpaka wa hatari ni miezi sita. Ukiuvuka, unachukuliwa kuwa umekatiza ukaaji wako wa mfululizo Marekani mpaka wewe mwenyewe uthibitishe vinginevyo. Kwa hiyo mtu akiitazama fomu yangu atasema huyu mama amepunguza siku makusudi.

Siku ya kusaini niliona. Naapa niliona. Kwenye kuondoka imeandikwa 04/10, kwenye kurudi 09/03. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa mmezigeuza." Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Dada, hapa siyo Kariakoo. Tarehe zinaandikwa Kimarekani. Wakili ni wewe au ni sisi?"

Sisi! Wewe mwenyewe ni karani, wakili yuko chumba cha ndani mlango umefungwa.

Lakini nilisaini. Hapo ndipo hasira inaponirudia mwenyewe, kwa sababu fomu ile unasaini ukikubali kwamba ukidanganya unashitakiwa. Niliona aibu kuonekana mshamba. Mtu niliyewahi kuwafundisha watoto wa watu hesabu, nikaona aibu ya kuuliza mara ya pili! Na wakaituma kwa karatasi, ada dola 760, wakati kwa mtandao ni 710. Hiyo hamsini nayo sijaisahau.

Miezi ikapita. Mahojiano yakafika. Wakili alikuja mwenyewe, suti imenyooka, begi kubwa. Maswali ya historia na serikali niliulizwa sita, nikapata yote, ofisa akaishia hapo. (Wanaopeleka fomu tangu Oktoba 20, 2025 wana kazi zaidi: wanaulizwa hadi 20, wapate 12.) Kusoma sentensi, kuandika sentensi, hayo si kitu.

Kisha akafungua pasi. Mama wa makamo, mpole, kalamu nyekundu mkononi. Akafika kwenye muhuri wa kuingia Dar es Salaam, akaweka kidole juu yake. Akaangalia fomu. Akarudi kwenye pasi, kidole bado kipo palepale. Nilisikia feni ya kompyuta yake.

"Ulikaa nje muda gani?"

"Karibu miezi saba."

"Hapa umeandika Aprili."

Ulimi ukakauka. Wakili haruhusiwi kukujibia, lakini alifungua lile begi akatoa faili: barua ya likizo ya kazini, risiti za kodi ya nyumba niliyoendelea kulipa nikiwa msibani, kumbukumbu za kodi ya mapato, karatasi za hospitali za mama. Vyote vimepangwa kwa mwezi. Akaomba kwa heshima tarehe zisahihishwe. Ofisa akasahihisha kwa ile nyekundu, nami nikaeleza, nikasaini upya.

Pale nilitaka kumpa nyota tano. Ningemkumbatia. Peke yangu ningelia tu mle ndani.

Tukatoka kwenye korido, nikamuuliza faili lile alilitayarisha lini. Akasema juzi, alipokuwa akipitia nakala za pasi yangu, aliona tarehe hazilingani. "Sikutaka kukutia hofu."

Juzi! Kumbe alijua siku mbili nzima, akaniacha niingie pale nikijiona msafi. Na kama macho anayo, kwa nini hakuyatumia kabla fomu haijatumwa? Jina na saini yake viko pale kama mtayarishaji. Nyota zikashuka tena.

Uamuzi haukutoka siku ile. Nilikaa wiki kadhaa nikifungua sanduku la barua kama mgonjwa anayesubiri majibu. Sheria ya kwetu Tanzania hairuhusu mtu mzima uraia pacha, na mimi kuamua kuuacha ule wa kuzaliwa kulinichukua miaka. Halafu unafika mlangoni, unaambiwa subiri, kisa karani mvivu wa kupiga simu. Barua ya kuapishwa ilipokuja nilifurahi, ndiyo, lakini ile furaha ya kwanza walishainywa wao.

Nilipopita ofisini kuchukua karatasi zangu, kijana alikuwa palepale. Nikamkumbusha tarehe. Akacheka: "Si umepata, dada? Sasa hasira za nini?"

Juzi wifi yangu ameniuliza namba ya wakili. Nimempa, kwa sababu lile faili sijaona mtu mwingine akilipanga vile. Nimemwambia aandike "Machi" kwa herufi, na akipokelewa na shikamoo aseme marahaba, kisha aulize wakili yuko wapi.