Kiwiko cha binti yangu: pini mbili, plasta na usiku mmoja mrefu

Binti yangu ana miaka 6. Jumamosi moja aliteleza kwenye mpera wa jirani, hapa Umoja, akajikinga kwa kiganja. Kiwiko kikapinda kama herufi S. Nami, ili anyamaze, nikampa chai na mandazi. Kosa hilo lilitugharimu saa 6, maana mtoto hapewi dawa ya usingizi ya thieta tumbo likiwa na chakula.

Zahanati tuliyoanzia, sitaitaja, ilitaka kuuvuta mkono "urudi" kabla hata ya picha. Mama mkwe naye alishapigia simu mtu wa kukanda mifupa. Niliwakatalia wote, nikaufunga mkono ulivyo kwa gazeti na leso, tukaita teksi.

Kwenye hospitali kubwa daktari hakuanza na picha. Alishika mapigo ya kifundo cha mkono, akamwambia binti yangu, "Nifanyie miwani," yaani gumba na kidole cha shahada vigusane viwe duara. Hakuweza. Baadaye nilielewa: mfupa ulikatika juu kidogo ya kiwiko, vipande vikaachana kabisa (wao huita Gartland daraja la 3), na hapo mbele hupita mshipa mkubwa wa damu na neva. Ncha ya mfupa ilikuwa imeigonga neva. Mungu ni mwema, damu ilikuwa inafika.

Niliuliza kwa nini wasipige plasta tu, maana ndiyo niliyokuwa na pesa zake. Akasema kipande kama hicho hakitulii ndani ya plasta, na kikiunga vibaya mkono hubaki umepinda. Saa sita usiku binti yangu akaingia thieta. Hawakumpasua. Waliurudisha mfupa kwa mikono huku wakiuona kwenye skrini ya eksirei, wakapitisha waya mbili, ndizo pini zenyewe, upande wa nje. Upande wa ndani kuna neva nyingine, ile inayokutia ganzi ukijigonga kiwiko, na daktari hakutaka kuikaribia.

Sista wa zamu ya usiku ndiye ninayempa nyota zote. Kila saa alikuja na tochi: rangi ya vidole, joto, vinacheza? Akanionya, "Mama, akilia ukivinyoosha vidole, au dawa ya maumivu isipomtuliza, usingoje asubuhi. Niite." Plasta ikibana, misuli hufa kimyakimya.

Nyota ninazowanyima ni za kaunta ya malipo, iliyotuzuia karibu siku nzima baada ya kuruhusiwa. Tena hakuna aliyetuambia kwamba wiki ya 4 pini zingetolewa kliniki, akiwa macho, kwa koleo. Ni sekunde chache, lakini mayowe yake yalijaa korido nzima.

Hawakutuuzia mazoezi, walisema acheze, mkono utanyooka wenyewe. Mwezi wa tatu tangu aumie alikuja jikoni akanifanyia miwani.