Kifundo cha Mguu wa Kamala: Uzoefu Wangu wa Kuagiza Sanamu ya Mwanamieleka wa Zamani

Kwa yeyote anayefikiria kuagiza sanamu ya mwanamieleka wa zamani kutoka kwa mafundi wadogo wanaotengeneza kwa oda, ushauri wangu wa leo ni kwamba aache. Nasema wa leo kwa sababu miezi michache iliyopita ningemwambia aagize mbili. Kilichonigeuza ni kijipande cha plastiki chenye unene wa njiti ya kiberiti, pamoja na jibu fupi nililoandikiwa kuhusu kijipande hicho, jibu ambalo nimelisoma mara nyingi mno hata sihitaji tena kufungua simu ili nilikumbuke.

Karakana yenyewe iko Marekani na sitaitaja jina. Ilitangaza kwamba ina ridhaa ya wanamieleka inaowachonga au ya familia za waliofariki, na tangazo hilo ndilo lililonifanya niwaamini, kwani sikutaka kununua sura ya marehemu iliyochukuliwa bila ruhusa. Nilichagua Kamala. Wasiomfahamu wajue kwamba aliingizwa ulingoni mwaka 1982 huko Memphis kama Jitu la Uganda, akiwa peku, amevaa kinyago na kushika mkuki, huku watazamaji wakielezwa kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Kwa kweli alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi huko Marekani, na Uganda yake ilikuwa ya kwenye jukwaa tu.

Sisi wa Tanga hatukuyajua hayo. Tulimwona kwa kaseti katika kibanda cha video pale Ngamiani, pengine mwaka mzima au zaidi baada ya mapambano yenyewe kufanyika, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi na jasho linatutiririka. Watu wazima waliokuwamo walivikumbuka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kwa majina ya ndugu zao, hivyo mtu aliyetambulishwa kama mlinzi wa Amin alizomewa tangu anapoonekana mlangoni. Kaka yangu mkubwa pekee ndiye aliyemshangilia. Alimpenda kwa sababu moja ambayo mtoto yeyote angeielewa: Kamala alikuwa akimwangusha mpinzani, kisha anamlalia juu ya mgongo badala ya kifua, na mwamuzi anakataa kuhesabu, na jitu lile linabaki limeduwaa likijipiga tumbo bila kujua limekosea wapi. Kaka alikuwa akisimama na kumpigia kelele, "Mgeuze! Mgeuze!", kana kwamba sauti yake ingefika ng'ambo. Katika pambano la jeneza dhidi ya mwanamieleka Undertaker, Novemba 1992, kifuniko kilipopigiliwa misumari juu ya Kamala, kaka alitoka nje na hakurudi kutazama mapambano yaliyobaki.

Kaka huyo sasa anatembea kwa magongo. Kisukari kilimchukua mguu wa kulia miaka kadhaa iliyopita, na tangu wakati huo amekuwa mtu wa kukaa barazani. Wala sikulichagua jina la Kamala kwa bahati. Harris naye alipoteza miguu yake yote miwili kwa kisukari, mmoja mwaka 2011 na mwingine mwaka 2012, na baada ya hapo alikaa akitengeneza viti vya mbao kwa mikono yake ili apate kuishi, hadi alipofariki Agosti 2020 akiwa na maradhi ya korona. Nilipomsimulia kaka habari hizo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza viti vyenyewe vilikuwa vya namna gani.

Ndiyo maana niliagiza. Nililipa kwa kadi ya benki kiasi ambacho, ukijumlisha usafirishaji, kilipita shilingi laki nne, na baadaye nikalipa ushuru pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pale mzigo ulipofika. Nilisubiri kuliko nilivyoahidiwa, lakini kusubiri sikulalamikii. Kitu cha kutengenezwa kwa oda hakitoki dukani. Katika kipindi hicho walinitumia picha za kichwa kikiwa hakijapakwa rangi, wakaniuliza kama macho yamekaa sawa, na niliposema kwamba nyusi zimepanda mno, walizishusha. Nakiri kwamba sijawahi kusikilizwa hivyo na muuzaji yeyote.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa mwezi. Hasbro, kampuni ya vitu vya kuchezea iliyotengeneza sanamu za wanamieleka wa WWF, shirika la mieleka la Marekani, kuanzia 1990 hadi 1994, ilimtoa Kamala sokoni akiwa na nyota tumboni, ila yapo matoleo machache mno yenye mwezi mahali pa nyota ile, na wakusanyaji huyatafuta kama watu wanavyotafuta lulu. Mimi nisingeweza kununua mojawapo hata kwa mshahara wa mwaka. Niliomba nichorewe mwezi, nao wakauchora: mwezi mchanga wa rangi ya manjano, uliopakwa kwa brashi, ukifuata mviringo wa tumbo hivi kwamba ukiigeuza sanamu kidogo kwenye mwanga, ncha moja ya mwezi inajificha kama inavyojificha kwenye tumbo la mtu anayevuta pumzi. Niliitazama ndani ya basi tangu stendi ya Magufuli jijini Dar es Salaam, na tulipofika Muheza, wauza machungwa wakiwa wamezunguka madirisha, nilikuwa bado sijairudisha kwenye sanduku.

Kaka aliitambua kabla sijasema neno. Aliishika tumboni kwa kidole gumba, akacheka, akajaribu kuisimamisha juu ya meza ya kahawa. Ilikuwa inaegemea mbele kidogo, akaukunja mguu wa kulia taratibu ili kisigino kikae chini. Ukatika. Haukudondoka wala haukugongwa na kitu, bali ulikatika mkononi mwake, kwa sauti ndogo kama ya mbegu ya ubuyu inayopasuka menoni, na unyayo ukabaki umesimama wenyewe juu ya meza. Kaka aliutazama, kisha akaitazama suruali yake iliyokunjwa na kufungwa kwa pini, na sikuwa na la kusema.

Nimejifunza kwa nini ulikatika, na nadhani mafundi wale walipaswa kujua kabla yangu. Wanamieleka wengi huvaa buti, na buti humpa mchongaji nafasi ya kuficha kiungo kinene ndani yake. Kamala alipigana peku. Mchongaji akitaka kifundo chembamba cha mguu wa binadamu, na papo hapo akitaka kiungo kinachozunguka, ule msumari wa katikati lazima uwe mwembamba, na msumari mwembamba hauwezi kuwa wa resini ya printa ya 3D, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Resini hiyo hutoa sura nzuri sana, mikunjo ya kipaji cha uso na yote, lakini ikikaushwa kupita kiasi chini ya mwanga wa urujuanimno hukakamaa na haipindi hata kidogo, inavunjika. Sanamu za viwandani huvumilia kwa sababu plastiki yake humiminwa ikiwa moto katika kalibu za chuma, nayo ina unyumbufu. Hapa waliweka resini tupu, kwa mtu ambaye miguu yake haikuwa na buti ya kuificha kasoro hiyo.

Hilo ningelisamehe. Niliwaandikia kwa adabu, nikaambatanisha picha mbili na kueleza kwamba sanamu ilikuwa zawadi. Jibu lilikuja siku ya pili. Sehemu ya kwanza ilisema kwamba masharti yao hayahusu kuvunjika baada ya sanduku kufunguliwa, jambo ambalo ni haki yao kulisema. Sehemu ya pili ilisema kwamba kwa kuwa Kamala mwenyewe alimaliza maisha yake bila miguu, sanamu yangu sasa imekaribia zaidi ukweli. Mwishoni palikuwa na kikatuni cha uso unaocheka.

Sijui aliyeandika ni nani kati yao. Huenda ni yuleyule aliyezishusha nyusi, na wazo hilo linaniumiza kuliko kuamini kwamba ni mtu mwingine. Watu hawa wanajitangaza kwamba wanawaenzi wakongwe. Wamelipwa kwa ajili ya sura ya mtu aliyekatwa miguu akaendelea kuchonga viti, halafu wanaufanya ugonjwa wake mzaha mbele ya mteja ambaye hawajui ni nani anayemuuguza nyumbani. Hata kama nisingekuwa na kaka mgonjwa, jibu lile lingekuwa la aibu. Lile la masharti nimekwisha kulisahau, lakini la mguu silisahau.

Wapo wanaouliza kama biashara ya namna hii inaweza kusimama, nami kabla ya mkasa huu ningejibu kwamba inaweza, tena kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Kampuni kubwa hazina namna ya kumhudumia mtu anayemtaka mwanamieleka mmoja wa mwaka fulani. Kalibu za chuma ni ghali, na gharama yake hurudi kwa maelfu ya nakala. Ndiyo maana hata Hasbro, walipoanza kuchangisha maagizo kabla ya kutengeneza, waliweka viwango vya juu: sanamu ya mashua ya Jabba, mhusika wa filamu za Star Wars, ya mwaka 2018 ilihitaji wanunuzi 5,000 kwa takriban dola 500 kila mmoja, ikapata zaidi ya 8,800, lakini mnyama Rancor wa filamu hizohizo, wa mwaka 2021, aliyehitaji wanunuzi 9,000 kwa takriban dola 350, hakufikisha idadi na akafutwa. Ikiwa wapenzi wa Star Wars wanashindwa kufika 9,000, wapenzi wa Kamala mwenye mwezi tumboni watatoka wapi? Fundi mwenye printa hahitaji maelfu. Anahitaji watu hamsini wanaokumbuka kitu kilekile, na watu hao wapo, nao ni watu wazima wenye vipato ambao sura wanayoitaka haibadiliki tena, kwa sababu mwanamieleka aliyestaafu habadilishi mavazi wala mtindo wa nywele kila msimu.

Njia ya kutoka katika tatizo la kifundo nayo ipo. Mwaka 2022 Hasbro walitangaza huduma ya kuchapisha uso wa mteja mwenyewe na kuuweka juu ya mwili wa sanamu wa kawaida, kwa takriban dola 60. Karakana ndogo ingeweza kufanya vivyo hivyo: kichwa na tumbo vichapishwe kwa resini kwa sababu huko ndiko kumbukumbu ilipo, viungo vya magoti na vifundo vinunuliwe vikiwa vya plastiki ngumu ya kiwandani, hata kama unene wake utazidi kidogo ule wa mguu wa kweli. Mteja kama mimi angeukubali unene huo bila kunung'unika.

Kwa hiyo inawezekana. Nimeandika hivyo na hapohapo natamani kulifuta neno, kwa sababu hesabu yote hiyo inasahau kwamba wateja hamsini wa aina hii wana jambo linalowauma kuhusu sanamu wanayoiagiza, na ndilo linalowafanya walipe laki nne kwa kitu cha inchi saba. Duka kubwa likinijibu vibaya, nilikwenda kununua kidude tu. Hawa niliwapa habari za nyumbani kwetu. Niliwaeleza tangu mwanzo kwamba ni ya kaka yangu, kwamba tulimtazama pamoja, kwamba mwezi ndio anaoukumbuka. Mtu anayejibu kwa barua kama ile hafai kufanya kazi hii hata kama mikono yake imebarikiwa, na mikono yao imebarikiwa, hilo siwezi kulikana kila ninapouona ule mwezi.

Nilitaka kuirudisha sanamu na kudai fedha zangu zote. Kaka alikataa. Alisema, "Mdogo wangu, huyu haendi popote," akauegemeza mwili kwenye redio, na unyayo akauweka mbele yake mahali ambapo ungekuwa. Sikumwonyesha barua ile, wala sitamwonyesha. Nimewaandikia tena karakana, mara hii bila kutaja fedha, nikiomba mguu mmoja wa kulia uliochapishwa upya, wenye msumari wa chuma ndani yake, na nimewaambia kwamba gharama ya usafirishaji nitailipa mimi. Hawajajibu. Kaka nimemwambia kwamba mguu mpya uko njiani, na Ijumaa iliyopita nilipompigia kumjulia hali, aliniuliza kama watu wa posta wameshanipigia simu.