Washa za Nord-Lock kwenye ekzosi ya ndege ya rimoti

Ekzosi yangu ya kwanza iko mpaka leo kwenye shamba la mihogo huko Kigamboni. Niliiona ikichomoka angani, mlio wa injini ukawa ukelele, na punde tu ikazima. Kile kimpira kinachotoka kwenye ekzosi kwenda tangini ndicho kinachosukuma mafuta. Ekzosi ikiondoka, presha imeondoka nayo. Ndege niliitua kwenye majani bila injini. Bahati tupu.

Injini ni ya 46 (ujazo wa inchi 0.46 za ujazo), tu-stroki, na ekzosi imeshikwa na skrubu mbili tu za alenki. Injini ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, skrubu zinatikiswa mara 200 kila sekunde, tena kwenye joto. Nilishajaribu spring washa: safari tatu, zimelegea. Nikapaka gundi ya kushika nyuzi za skrubu, ile ya bluu. Hapo kosa langu, maana sikusafisha vizuri, na mafuta yetu ya methanoli yana mafuta ya nyonyo ndani. Gundi haishiki juu ya nyonyo.

Binamu yangu aliye Dubai ndiye akaniletea Nord-Lock, washa za kuzuia skrubu isilegee, za M3 (za skrubu ya milimita 3). Zinakuja mbilimbili, zimegandana. Ukizitenganisha utaona upande wa nje una meno madogo, na ndani kuna ngazi za mteremko. Meno yanauma kichwa cha skrubu upande mmoja na ekzosi upande wa pili, kwa hiyo skrubu ikitaka kujifungua lazima ipande ule mteremko, nao ni mkali kuliko mteremko wa nyuzi za skrubu. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyozidi kujikaza. Ukifungua kwa alenki unahisi kabisa, inagoma, halafu "tak!"

Tangu nizifunge nimerusha zaidi ya mara 30. Baada ya safari ya kwanza, injini ilipopoa, niliongeza robo mzunguko hivi. Tangu hapo alenki imekuta skrubu palepale, na ule mchirizi mweusi wa mafuta pembeni ya ekzosi umekatika.

Ila zina unene wa karibu milimita 2. Skrubu zangu za zamani zilibaki zimeshika nyuzi chache mno, ikabidi nitafute ndefu zaidi. Na zinakwangua alumini. Anayependa injini ing'ae kama ya dukani ataumia roho.

Jumapili iliyopita mpwa wangu alizifungua akazirudisha. "Mjomba, hii mbona inalegea?" Kuangalia, kageuza: meno ndani, ngazi nje. Hapo ni washa ya kawaida tu, tena ghali.

Nilipata jozi nne, mbili nimeziweka akiba. Zisingetosha skrubu za ndege ya pili, ni kubwa kidogo, kwa hiyo ile naendelea kuikaza kila baada ya safari mbili.