Lenzi za kupunguza kasi ya mayopia: uzoefu wangu na binti yangu hapa Leicester

Kilichonisukuma kumtafutia binti yangu lenzi za kupunguza kasi ya mayopia, yaani kutoona vizuri vitu vya mbali, ni hofu. Mimi navaa miwani ya namba -7.50, na tangu nasoma sekondari Tanga namba ilipanda kila nikipimwa, nabadilishiwa lenzi, basi. Binti yangu alipokutwa na -1.25 akiwa na miaka minane, na mwaka uliofuata ikafika -2.25, nikaona anaifuata njia yangu. Na tatizo la namba kubwa si unene wa miwani tu. Jicho lenye mayopia limerefuka kupita kiasi, na likizidi kurefuka retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inavutika na kuwa nyembamba. Ndiyo maana watu wa namba yangu tuko kwenye hatari zaidi ya retina kubanduka, na ya glakoma pia, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho.

Daktari wa macho alitushauri lenzi za miwani zinazoitwa DIMS, zinazouzwa kwa jina la MiYOSMART. Zilibuniwa na Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong kwa kushirikiana na kampuni ya Hoya ya Japani, zikaingia sokoni 2018. Hapa Uingereza zilifika 2021. Ukiishika lenzi wima mbele yako ni kioo cha kawaida kabisa. Iinamishe kidogo kwenye mwanga wa dirisha, ndipo utaona: katikati kuna duara safi la kama milimita 9, na kulizunguka vilenzi karibu 400, kila kimoja milimita moja hivi, vimepangana kama sega la nyuki.

Kazi ya vilenzi hivyo ni hii. Miwani ya kawaida inamwonyesha mtoto vizuri katikati, lakini mwanga wa pembeni unaweza kuangukia nyuma ya retina, na jicho linalokua huchukulia hiyo kuwa ishara ya kuzidi kurefuka. Vilenzi vinaleta sehemu ya mwanga mbele ya retina, na ishara ile inapungua nguvu. Katika utafiti wa Hong Kong, watoto 160 wa miaka 8 hadi 13 walifuatiliwa kwa miaka miwili: waliovaa lenzi hizi namba yao ilipanda polepole zaidi kwa asilimia 52 kuliko wenzao wa miwani ya kawaida, na jicho kurefuka kulipungua kwa asilimia 62. Huo ni wastani. Wapo watoto ambao namba iliendelea kupanda, na muuzaji asiyekuambia hivyo usimwamini.

Siku za mwanzo binti yangu alilalamika kwamba pembeni kuna ukungu, hasa akishuka ngazi. Nikamwambia ageuze kichwa, asiangalie kwa kona ya jicho. Haikuchukua muda akazoea, na sasa ukimuuliza hakumbuki hata ulikuwa ukungu gani. Bibi yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Kila tukiongea kwa simu: "Mwanangu, kwa hiyo miwani mtayaharibu macho ya mtoto. Mvalishe ya namba ndogo, avae shuleni tu." Nikamjibu, "Hapana mama, namba pungufu haisaidii." Na kweli, utafiti wa Malesia uliochapishwa 2002 ulikuta watoto waliopewa namba pungufu mayopia yao ilikwenda kasi zaidi.

Baada ya mwaka, jicho la kulia limefika -2.50, la kushoto halijasogea. Mwaka uliotangulia ilipanda daiopta (kipimo cha namba ya miwani) moja nzima. Siwezi kuapa kuwa yote ni lenzi, maana tumemwongezea pia muda wa kucheza nje, kama saa mbili kwa siku hali ya hewa ikiruhusu. Lakini nimeridhika sana, tena nilipoonyeshwa kwenye kipimo cha urefu wa jicho kwamba mstari wake kwenye grafu umelala, nilitokwa na machozi palepale.

Lililoniudhi ni duka. Kupima macho ni bure kwa mtoto na vocha ya NHS, huduma ya afya ya serikali, ilipunguza kidogo, bado nikalipa zaidi ya pauni 300, halafu fremu ikawa inateleza puani. Kwa lenzi hizi hilo si dogo: fremu ikishuka, mboni haikai tena kwenye duara la katikati. Nilirudi nikabishana nao mpaka wakabadilisha vishikio vya pua. Kwa hiyo usitoke dukani kabla mtoto hajainama, hajaruka, hajatikisa kichwa.

Avae tangu anaamka hadi analala. Zioshwe kwa maji na sabuni laini, zikaushwe kwa kitambaa chake. Pindo la kanga linakwaruza. Na kabla hujalipa, waulize kama wana mashine ya kupima urefu wa jicho kwa milimita. Kama hawana, tafuta wenye nayo, kwa sababu namba peke yake haikuonyeshi jicho linarefuka kiasi gani.