Manda Toto: spidiboti au mashua ya tanga?
Hili swali la kwenda Manda Toto, kile kisiwa kidogo cha matumbawe karibu na Lamu, haliishi pale jeti, na wengi wanaangalia bei tu. Kwa bei mashua inashinda, maana spidiboti inakunywa petroli na hiyo petroli unailipa wewe, ila mkiwa sita saba mkachanga haiumi sana. Muda ndo mchezo wenyewe: mashua inategemea upepo na maji, na mkondo wa Mkanda kati ya Manda na bara maji yakipwa unakuwa na kina kidogo, mnaweza kukaa hapo mkisubiri yajae na asubuhi ndo imeenda hivyo. Kwa hiyo kama una ndege mchana, spidiboti bila ubishi. Lakini upepo wa Kusi ukivuma hiyo spidiboti inarukaruka vibaya, mjamzito au mwenye mgongo mbovu asijaribu. Mashua mna siku nzima, mnavua njiani, mnachomewa samaki na wali wa nazi, mimi hapo ndo nalegea kabisa, na kwa watoto ni raha zaidi. Matumbawe ni yale yale kwa chombo chochote, nenda msimu wa Kaskazi, Desemba hadi Machi, masika maji yanachafuka huoni kitu. Laifu jaketi hesabu mwenyewe kabla hamjang'oa nanga, kote kote.