Duka la kofia Mkunazini, wanakwambia na aliyeshona

Asalam aleikum jamani. Wiki iliyopita nimekwenda kumtafutia baba mkwe kofia ya viua, kiduka cha uchochoroni Mkunazini, hapa Mji Mkongwe Unguja, ukitokea Darajani unaingia ndani kidogo, na nataka niwasifu hadharani maana walichofanya sijakiona duka jengine hapa mjini.

Nikachagua moja nyeupe, viua vyake ni vitobo vidogo vidogo kila kimoja kimezungushiwa uzi kikakazwa, ukipitisha kidole unasikia mshono ulivyosimama na ndani hakuna fundo hata moja linalokwaruza. Bei laki na ishirini. Kabla sijaanza kupatana yule kijana akafungua daftari, akanambia hii kashona mama mmoja wa Wete, Pemba, miezi miwili, anashona usiku akishamaliza kazi za nyumba. Kisha akampigia simu akanipa! Nikamwambia shkamoo bi mkubwa, kofia yako naichukua miye, mashaallah una mkono mzuri. Kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu akaniuliza pole pole, "umeiona ile safu ya chini?" Kumbe ndo iliyomtesa, kaifumua mara mbili. Sikupatana tena, nikalipa.

Na nimelia pale pale dukani, sioni haya kusema. Mamangu kashona kofia miaka mingi akipeleka duka moja silitaji, wanampa pesa yake, kofia inaingia kabatini, mteja akiuliza anaambiwa "hizo za Pemba" basi. Siku moja kwenye harusi akamuona mzee kavaa kofia yake, aliijua kwa kiua kimoja alichokikosea karibu na mshono, watu wanamsifu mzee kofia kofia mashaallah, na mama yupo mlangoni kashika sinia la pilau hakusema neno. Usiku ule akatuhadithia, kesho yake akarudia, na akawa anairudia hadithi hiyo mpaka anafariki. Pesa zake alilipwa zote, hakudhulumiwa hata senti, ila hakuna mtu alomwambia umeshona vizuri. Sisi wanawe pia hatukumwambia, tulizoea kumuona na sindano tu.

Kasoro zipo. Duka dogo lina joto, watu watatu mmejaa, kadi hawapokei chukua pesa mkononi, adhuhuri wanafunga mpaka alasiri, na saizi za vichwa vikubwa ni chache. Za mashine za bei rahisi hawauzi kabisa kwa hivo ukitaka hizo usijisumbue.

Ijumaa baba mkwe kaivaa. Watu msikitini wakamzunguka kumuuliza kaipata wapi, na yeye akawajibu hii ya mama fulani wa Wete, kamtaja na jina. Jioni nikapita dukani wakanipigia tena simu nimpe habari yule mama. Akaniuliza, "walikuwa wangapi?"