Nimetengeneza mashua kuukuu kwa mafundi wa Nungwi, uzoefu wangu (nyota 4 kwa 5)

Kama una mashua ya zamani imelala ufukweni na unajiuliza umpe fundi wa mbao au uivalishe faiba (fiberglass), mi yangu nimewapa mafundi wa tezo (kile kishoka cha kuchongea mbao) wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na sijuti, ila kuna mambo uyajue kabla hujatoa advansi.

Chombo chenyewe mashua ya futi 24, nimenunua kwa mvuvi wa Mkokotoni, kwa macho nzima kabisa na rangi mpya juu hahaha. Fundi mzee alivyofika rangi hata hakuitazama, kachukua nyundo kaanza kugonga ubao mmoja mmoja kuanzia mkuku (ule mti mrefu wa chini kabisa) kupanda juu, anasikiliza mlio, panapolia vizuri anapita, panapojibu bubu anatia alama ya mkaa. Karibu na fashini, ule mti unaosimama mwisho wa mkuku, alama zikajaa. Wale wadudu wa baharini walishakula mbao za chini, kwa nje unaona vitundu vidogo tu lakini ulipopasuliwa ubao ndani ni kama sega la nyuki. Sasa fikiria hapo ningepaka faiba juu yake, ubao ushalowa, maji yanafungiwa ndani, uozo unaendelea na faiba inakuja kubanduka. Kuna jamaa mjini alikuwa ananipigia debe faiba kwa nguvu zote, nashukuru sikumsikiliza.

Mbao zilizooza zikang'olewa, na mataruma (zile mbavu za ndani za chombo) kadhaa pia. Taruma hawakunji ubao bwana, wanatafuta tawi lililojipinda lenyewe porini linaloendana na umbo la chombo, ndo maana kazi inasimama wiki nzima fundi "anatafuta mti". Misumari nilinunua mwenyewe, galvanaizi, na nakushauri hivyo hivyo, ile ya kawaida inakula kutu na kutu inakula ubao. Kila msumari wanauzungushia uzi wa pamba uliolowekwa mafuta chini ya kichwa kabla ya kuupigilia, hicho kitu sikuwahi kukiona kwa fundi wa mjini.

Kalafati, yaani kuziba mianya kati ya mbao, ndo nyota zote nne hizo. Kijana anakaa chini ya mashua kutwa nzima na pamba yake aliyoisokota na mafuta, anaisukuma kwenye mwanya kwa patasi butu, tk tk tk, mzee yuko mbali anasuka kamba lakini mlio ukibadilika anapiga kelele rudia hapo! Wallahi anajua kwa sikio tu. Ikikazwa kidogo inavuja, ikikazwa sana ubao ukivimba majini unasukuma ubao mwenzake.

Nyota niliyokata ni ya muda. Ukiambiwa mwezi we hesabu miwili, mara msiba, mara harusi, mara fundi kaenda kuvua maana ngisi wametoka. Na kushua chombo (kukiingiza majini) sio siku yoyote, mashua nzito inataka maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, mwezi mchanga au mpevu, huku kwetu maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, ukikosa bamvua hilo unangoja kama wiki mbili nyingine. Mi nikakosa kwa sababu deheni, ile ya chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama) inayopakwa tumboni mwa chombo, haikuwa tayari! Chokaa ipo, shahamu hakuna, kisa hakuna aliyechinja. Na huku pamba inakaa juani inakauka, ikabidi wawe wanamwagia maji ya chumvi ubavuni kila jioni.

Siku yenyewe walichoma kwanza makuti chini ya tumbo kuua wadudu waliobaki, wakapaka deheni kwa mikono (inanuka jamani, vaa nguo mbovu), magogo yakapangwa, kijiji kizima kikavuta na pilau ni juu ya mwenye chombo, weka kwenye bajeti sio utani.

Ikaingia maji. Usishtuke, siku za mwanzo utafua (utateka na kumwaga) maji ngama, yale yanayokusanyika ndani chini, asubuhi na jioni mpaka mbao zifure zikabane, yangu sasa hivi nafua kopo moja moja tu. Kusi la juzi nimekwenda nayo mpaka Tumbatu na tanga kamili, haijatikisika.

Malipo toa kwa hatua: mbao, halafu mataruma, halafu kalafati, na fungu la mwisho usilitoe mpaka chombo kielee. Na shahamu nunua mapema, weka friji.